Jinsi ya Kukagua Filamu ya Mtunzi Mkubwa wa Muziki: Mwongozo wa Fundi wa Piano

Mara ya kwanza itazame filamu yote bila kukagua kitu. Zima simu, tulia, lia kama inakuliza. Ukianza na ukaguzi hutaiona filamu, utaona makosa tu, na anayeona makosa tu hafai kuulizwa habari za sanaa. Ukaguzi ni wa mara ya pili, kalamu mkononi na kidole karibu na kitufe cha kusimamisha.

Mimi ni fundi wa piano. Nashughulika na nyuzi, nyundo, ubao wa sauti, na kuiweka ala sawa kabla mpigaji hajakaa. Kwa hiyo macho yangu yana upande wake. Watu wakitazama filamu ya Beethoven huuliza alimpenda nani. Mimi nauliza ile piano ni ya mwaka gani, na ni nani aliyekaa usiku kucha kunakili nota za okestra nzima. Nimeona kwamba uongo wa mapenzi na sumu una watu wengi wa kuusahihisha. Uongo kuhusu kazi, yaani muziki ulitungwaje, ulinakiliwaje, ulifanyiwa mazoezi mara ngapi, nani aliulipia, hupita kimya. Nao ndio unaowaharibu vijana wanaojifunza, maana unawaambia kwamba mwenye kipaji hatoki jasho.

Andika madai, kisha yapeleke kwenye kalenda

Katika mtazamo wa pili, andika kila jambo ambalo filamu inalileta kama tukio. Chukua Amadeus, filamu ya Mozart na Salieri, mtunzi mwenzake wa Vienna. Usiandike "Mozart anacheka kama mwendawazimu". Hilo ni la mwigizaji. Andika "Salieri ameapa kutogusa mwanamke." Andika "Salieri anaandika Misa ya Wafu kando ya kitanda cha Mozart, Mozart akimsomea nota." Utajaza ukurasa kabla ya nusu ya filamu.

Anza na tarehe. Kalenda haikutaki uwe mwanamuziki. Chukua A Song to Remember ya 1945, ile ya Chopin. Humo Chopin anakimbia Warsaw baada ya kukataa kumpigia piano mtawala wa Kirusi, anaingia Paris pamoja na mwalimu wake mzee Józef Elsner, na mwishoni anazunguka mji hadi mji akichangisha fedha za kuikomboa Poland, akikohoa, hadi damu inadondoka kwenye vitufe vyeupe. Sasa weka tarehe kando yake. Chopin aliondoka Warsaw tarehe 2 Novemba 1830. Maasi dhidi ya Warusi yalizuka tarehe 29 ya mwezi huohuo, yeye akiwa Vienna. Elsner alibaki Warsaw. Ama ile ziara, huyu ni mtu aliyetoa maonyesho ya hadhara yapatayo thelathini maishani mwake mwote, aliyejisikia vizuri zaidi sebuleni kwa marafiki kuliko ukumbini. Hata hivyo, mbegu ya ukweli ipo: onyesho lake la mwisho, tarehe 16 Novemba 1848 katika Guildhall ya London, lilikuwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kipolandi. Mwandishi wa filamu aliuchukua usiku ule mmoja akauvuta ukawa safari nzima. Mbinu hiyo utaikuta tena na tena, kwa hiyo ukishaona jambo limetiwa chumvi, usilitupe kabla hujatafuta lilitokana na nini.

Kwa watunzi wa Urusi kuna mtego. Katika karne ya 19 Urusi ilifuata kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 12. Tchaikovsky alifariki tarehe 25 Oktoba 1893 kwa hesabu ya kwao, 6 Novemba kwa hesabu ya Ulaya Magharibi. Kabla hujamshitaki mwongozaji kwamba amekosea siku, hakikisha kalenda yenu ni moja.

Uliza karatasi, kisha uliza nani aliitunza

Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza tukiwa tumefungua piano, nyundo zote ziko mezani: "Fundi, kwani Salieri alimuua kweli?" Alikuwa ametoka kutazama Amadeus ya Miloš Forman, ya 1984. Nikamwambia asinisikilize mimi, amsikilize Mozart mwenyewe.

Tarehe 14 Oktoba 1791 Mozart alimwandikia mkewe Constanze, aliyekuwa Baden kwa matibabu ya maji. Anamweleza kwamba jioni iliyotangulia aliwafuata kwa gari la farasi Salieri na mwimbaji Caterina Cavalieri, akawapeleka kuitazama Die Zauberflöte, opera yake mpya. Salieri, anasema, alisikiliza na kutazama kwa makini yote, na tangu muziki wa ufunguzi hadi korasi ya mwisho hakuna kipande ambacho hakikumtoa neno "bravo" au "bello". Mozart anaandika haya kwa furaha ya mtu aliyesifiwa na mwenzake wa kazi. Ndiyo barua yake ya mwisho iliyotufikia. Tarehe 5 Desemba alikuwa amefariki, umri miaka 35.

Ukiwa na barua hiyo mkononi, madai mengine ya filamu yanaanza kulegea yenyewe. Salieri aliyeapa kutogusa mwanamke alioa mwaka 1775, akazaa na Theresia Helferstorfer watoto wanane. Mwaka 1785 yeye na Mozart walishirikiana kutunga kantata fupi ya kumpongeza mwimbaji Nancy Storace kwa kupona. Nota zake zilidhaniwa zimepotea hadi zilipotokea katika jumba la makumbusho ya muziki Prague, habari zikatangazwa mwaka 2016. Na baada ya kifo cha Mozart, mtoto wake mdogo Franz Xaver alisoma muziki kwa Salieri huyohuyo, kama walivyosoma kwake Beethoven, Schubert na Liszt. Mjane gani ampeleke mwanawe kwa muuaji wa baba yake?

Tetesi za sumu zilivuma sana Salieri akiwa mzee, mgonjwa, akili imechoka. Waliomhudumia wawili walitia saini tamko kwamba hawakuwahi kumsikia akikiri kitu kama hicho. Lakini mwaka 1830 mshairi wa Kirusi Pushkin aliandika tamthilia fupi juu ya wawili hao, mtunzi Rimsky-Korsakov akaifanya opera, Peter Shaffer akaandika tamthilia yake mwaka 1979, na humo ndimo ilimotoka filamu. Kwa hiyo Amadeus ina ukoo, ila ni ukoo wa uvumi. Niseme pia kwa haki: filamu yenyewe inamweka msimulizi katika nyumba ya wagonjwa wa akili tangu mwanzo. Imekuonya. Asiyeonywa ni yule anayetazama vipande vyake tu mtandaoni.

Mazishi nayo yanachunguzika. Masimulizi mengi huyapa dhoruba ya kutisha, lakini shajara ya Count Zinzendorf ya tarehe 6 Desemba inasema hali ya hewa ilikuwa ya upole na yenye ukungu. Na kile cha kutupwa shimoni kama masikini asiye na mtu? Mozart alizikwa katika makaburi ya St. Marx kwa mazishi ya daraja la tatu, ya kawaida kabisa kwa wakazi wa Vienna wa hali yake, kwa taratibu alizoweka Kaizari Joseph II kupunguza fahari za mazishi.

Barua ni shahidi mzuri kwa sababu aliyeandika hakujua tutaisoma. Kumbukumbu zilizoandikwa miaka baadaye ni shahidi dhaifu zaidi, na kumbukumbu za mtu anayetaka sifa ni dhaifu kabisa. Mfano mkubwa ni Anton Schindler, aliyekuwa katibu wa Beethoven. Kuanzia mwaka 1818 Beethoven, masikio yakiwa yamekwisha, aliweka madaftari ambamo wageni waliandika walichotaka kusema. Yeye alijibu kwa mdomo. Ndiyo maana madaftari hayo yanasomeka kama simu ya upande mmoja: maswali tunayo, majibu mengi hatunayo. Beethoven alipofariki mwaka 1827 madaftari yalifika mikononi mwa Schindler, naye akachomeka humo maneno yake mwenyewe ili aonekane alikuwa karibu na bwana mkubwa zaidi ya alivyokuwa. Wataalamu waliokuwa wakiyahariri mjini Berlin waliuanika ughushi huo mwaka 1977. Na ni Schindler huyohuyo aliyetupa ile kauli kwamba mwanzo wa Simfoni ya Tano ni majaaliwa yanabisha hodi mlangoni. Ukikuta kwenye filamu maneno ya Beethoven yaliyonyooka kupita kiasi, uliza kwanza yamepitia kwa nani.

Sasa ona kichekesho. Katika Immortal Beloved ya 1994, anayezunguka akitafuta ukweli kuhusu mpenzi wa siri wa Beethoven ni nani? Schindler. Mghushi amepewa kazi ya mpelelezi. Barua anayoishika ni ya kweli: imeandikwa kwa penseli, ina tarehe 6 na 7 Julai lakini haina mwaka wala jina la mwanamke. Wachunguzi waliupata mwaka kwa njia ninayoipenda sana, maana ni ya kifundi. Barua inasema tarehe 6 Julai ilikuwa Jumatatu, jambo linalobakiza miaka michache tu. Wakatazama alama ya maji kwenye karatasi, yaani chapa inayoonekana ukiishika kwenye mwanga, wakalinganisha na safari za Beethoven, wakafika 1812, mji wa Teplitz huko Bohemia. Kuhusu mwanamke bado wanabishana, hasa kati ya Antonie Brentano na Josephine Brunsvik. Filamu inamtaja Johanna, mke wa ndugu yake, yule ambaye Beethoven alipambana naye mahakamani hadi 1820 kugombea malezi ya mtoto Karl. Ni jibu la kusisimua. Katika majina yanayojadiliwa kwa uzito, halimo.

Huna haja ya kusafiri ili kuziona hati hizi. Taasisi ya Mozarteum ya Salzburg imeweka mtandaoni barua za familia ya Mozart na nota za kazi zake, bure. Beethoven-Haus ya Bonn imefanya vivyo hivyo kwa barua na miswada mingi ya Beethoven. Tafuta kwa tarehe, si kwa maneno ya filamu.

Tazama ala

Hapa ndipo ninaposimamisha picha mara nyingi kuliko mahali popote, hadi walio sebuleni wananinung'unikia.

Piano ya Mozart ipo hadi leo, Salzburg. Aliitengeneza Anton Walter wa Vienna. Ina oktava tano, vitufe 61, wakati piano ya leo ina 88. Rangi zimegeuzwa: vitufe vikubwa ni vyeusi na vile vidogo vya juu ni vyeupe. Chini hakuna kanyagio hata moja. Cha kuinua vizuizi vya nyuzi kinasukumwa kwa goti. Fremu ni ya mbao tupu, nyundo ni ndogo na zimevikwa ngozi. Gusa nota, inatoka kali na wazi kama mtu anayetamka kila silabi, halafu inakufa upesi. Anayeijua sauti hiyo anaelewa kwa nini Mozart alijaza nota nyingi pale ambapo piano ya leo ingeshikilia moja tu. Kwa hiyo ukimwona Mozart wa filamu anainua vizuizi kwa kukanyaga chini, au ukasikia nota ya besi ikinguruma sekunde kumi, ujue ala imetoka karne nyingine. Fremu nzima ya chuma ilipata hataza Boston mwaka 1825, na piano kubwa ya ukumbini ya leo ina uzito wa karibu kilo 500.

Uzito huo unaeleza tukio moja ambalo watu hudhani ni utani. Katika Amadeus piano ya Mozart inabebwa na watu barabarani. Februari 1785 Leopold Mozart alikwenda kukaa kwa mwanawe Vienna, na mwezi uliofuata akamwandikia binti yake kwamba tangu afike, piano ya kaka mtu imetolewa nyumbani angalau mara kumi na mbili kupelekwa ukumbini au nyumba nyingine. Mara kumi na mbili! Mimi nikisoma hapo naumwa kiuno, na nawaza fundi aliyekuwa akiifuata kuiweka sawa kila ilipotua. Piano ya mbao ikipita kwenye baridi na kuingia ukumbi wenye mishumaa mia haibaki kama ilivyotoka. Filamu ililipata hili sawasawa kabisa, na sijasikia mtu akiisifia.

Ala nyingine nitazipitia haraka. Fidla yenye kishikio cha kidevu kabla ya 1820 hivi imetangulia wakati wake; kifaa hicho kinahusishwa na Louis Spohr. Selo za zamani zilibanwa kati ya miguu, na mguu wa chuma wa kusimamia sakafuni ulienea katika karne ya 19 ikiwa imesonga. Honi yenye vali, yaani vitufe vya kubadilisha nota, haiwezi kuwepo katika okestra ya Mozart wala ya Beethoven kijana. Vali zilianza kujaribiwa Ujerumani baada ya 1810. Na kiongozi anayesimama mbele akipunga fimbo, mgongo kwa hadhira, ni desturi iliyokomaa karne ya 19. Mozart aliongoza opera zake akiwa ameketi kwenye kinanda.

Kuna swali naulizwa sana na wateja, nalo huingia hata kwenye mijadala ya filamu: kwamba watunzi wa zamani waliiweka nota A, ile ya kulinganishia ala, kwenye hezi 432 (mitetemo kwa sekunde) na sisi "tumeharibiwa" na 440. Hapana. Hakukuwa na kipimo kimoja. Kila mji, hata kila kanisa, ulikuwa na chake kutegemea kinanda kilichomo. Ufaransa iliweka 435 kisheria mwaka 1859, na 440 ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa London mwaka 1939. Filamu ikipigwa kwa 440 haijakosa lolote la kumtia mtu hatiani.

La maana zaidi ni kusubiri majina ya mwisho yapite, usome nani alipiga. Amadeus ilirekodiwa na Academy of St Martin in the Fields chini ya Neville Marriner, okestra ya ala za kisasa. Ni nzuri, lakini Vienna ya 1786 haikusikika hivyo. Filamu ya 1968 kuhusu Bach ya waongozaji Straub na Huillet ilifanya kinyume: ilimweka Gustav Leonhardt, bingwa wa kinanda cha harpsikodi, acheze nafasi ya Bach na apige mwenyewe mbele ya kamera, pamoja na wenzake wenye ala za zamani. Uigizaji ni mkavu kama biskuti. Mikono ni ya kweli. Kwa kazi ya ukaguzi naichagua hiyo kuliko tabasamu la mwigizaji yeyote. Na katika Farinelli ya 1994, sauti ya yule mwimbaji aliyehasiwa utotoni ilitengenezwa kwa kompyuta kwa kuchanganya sauti mbili, ya mwanamume Derek Lee Ragin na ya mwanamke Ewa Małas-Godlewska, kwa sababu hakuna koo hai lenye sauti ile. Ni ya kubuni na ni ya uaminifu kwa pamoja: hawakujifanya wameipata.

Tupa jicho pia kwa hadhira. Filamu zinapenda watu waliokaa gizani, kimya kama kanisani. Kumbi za karne ya 18 ziliachwa zikiwaka mishumaa wakati wa onyesho, watu wakisalimiana na kula. Tarehe 3 Julai 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kuhusu simfoni yake mpya: alikuwa ameweka katikati ya sehemu ya kwanza kifungu alichojua kitawapendeza, na kweli hadhira ikalipuka kwa makofi muziki ukiendelea. Hakukasirika. Alikuwa amewatega. Baada ya onyesho alikwenda kula aiskrimu.

Kagua jasho

Sasa tumefika ninapopataka. Katika Amadeus, Salieri anafungua nota alizoletewa na Constanze na kushangaa kwamba hazina hata futo moja, kana kwamba Mozart alikuwa akiandika alichosomewa kutoka juu. Tukio zuri mno, na ndilo tukio la filamu nzima ninaloligombania. Mozart aliandika haraka, kweli. Lakini rasimu zake zipo, vipande alivyovianza na kuviacha vipo, na waliochunguza karatasi na alama zake za maji wamegundua kazi alizozianza, akaziweka kando, akazirudia baadaye. Mwaka 1785 alipochapisha kwartet sita za nyuzi, yaani muziki wa ala nne, alizomtunukia mtunzi Haydn, aliandika katika maneno ya kumtunukia kwamba ni tunda la kazi ndefu na ya taabu. Yeye mwenyewe amesema taabu. Sisi ni nani tumkatalie?

Njia ya kukagua ni hii: kila filamu ikionyesha kutunga, uliza ni hatua zipi zimerukwa. Wimbo unaingia kichwani, tukio linakatwa, okestra inapiga. Katikati ya pale pana rasimu, pana kupanga ala, pana mnakili anayeandika kwa mkono karatasi ya kila mpigaji, pana mazoezi, pana mwimbaji anayetaka aria yake ibadilishwe. Tazama pia nani ameondolewa. Katika Amadeus opera ya Ndoa ya Figaro inazaliwa bila Lorenzo da Ponte kuonekana, mtu aliyeandika maneno yake, na ya Don Giovanni pia.

Misa ya Wafu ndiyo mtihani bora, kwa kuwa hati yenyewe imebaki na mwandiko unatofautishika. Aliyeiagiza kwa siri ni Count Franz von Walsegg, aliyefiwa na mkewe Februari 1791 na aliyetaka kuipiga kama ya kwake, Salieri hakuhusika. Sehemu ya ufunguzi Mozart aliikamilisha. Nyingine nyingi aliandika sauti za waimbaji, besi, na dondoo za ala, akaacha nafasi wazi. Lacrimosa inakatika baada ya vipimo vinane. Kilichobaki kilijazwa na wengine, hasa Franz Xaver Süssmayr, kwa sababu mjane alihitaji malipo yakamilike. Hati iko katika Maktaba ya Taifa ya Austria, ikiwa na kona moja iliyonyofolewa: mwaka 1958 ilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia Brussels, na mtu akang'oa kipande chenye maneno machache ya mkono wa Mozart. Hakijaonekana tena. Basi simamisha filamu pale kitandani, ambapo Mozart anataja nota na Salieri anaandika hadi kalamu inashindwa kufuata. Kama tukio la kuonyesha ufundi wa kupanga sauti juu ya sauti, sijaona bora yake. Sauti zinaingia moja moja, unaelewa jengo linavyosimama. Kama historia, weka Süssmayr badala ya Salieri, punguza kasi, na umwondolee mgonjwa nusu ya nguvu.

Copying Beethoven ya 2006 ina kosa la aina nyingine. Ilitambua kwamba wanakili walikuwepo, jambo la kushukuru. Ikabuni mwanamke kijana, Anna Holtz, na katika onyesho la kwanza la Simfoni ya Tisa inamficha kati ya wapigaji ili amwongoze Beethoven kwa ishara. Siku yenyewe, 7 Mei 1824 katika ukumbi wa Kärntnertor, kiongozi halisi alikuwa Michael Umlauf, aliyekuwa amewaambia wapigaji na waimbaji wamfuate yeye, wasimwangalie Beethoven. Mazoezi kamili yalikuwa mawili tu, kwa kazi ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia. Na mwanamke kijana alikuwepo, tena mbele ya watu wote: Caroline Unger, mwimbaji wa alto mwenye umri wa miaka 20, ndiye aliyemgeuza Beethoven kuelekea hadhira ili aone makofi asiyoweza kuyasikia. Kwa nini kumbuni Anna wakati Unger yupo?

Amua uongo upi wa kusamehe

Kufupisha miaka nasamehe. Kuunganisha marafiki watatu wawe mmoja nasamehe. Mazungumzo ya faraghani lazima yabuniwe, maana hakuna aliyekuwa nyuma ya mlango. Song of Love ya 1947, ya Clara na Robert Schumann, inatangaza mwanzoni kabisa kwamba imejipa ruhusa na matukio na mpangilio wake. Filamu ikisema hivyo mapema, mimi nakaa kwa amani. Nisichosamehe ni uongo unaochukua kazi ya mtu na kuweka fataki mahali pake.

Chevalier, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2022, inamhusu Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na Nanon, mama aliyekuwa mtumwa, akawa mpigaji fidla na mpigana kwa upanga aliyevuma Paris. Inafungua kwa kumshindanisha na Mozart jukwaani, fidla kwa fidla, na Mozart anaaibika. Halikutokea. Lililotokea mwaka 1776, alipotajwa kuongoza Opera ya Paris, ni waimbaji wa kike wakubwa kumwandikia malkia kwamba heshima yao haiwaruhusu kupokea amri kutoka kwa chotara. Filamu inalionyesha hilo, na ni kweli. Lakini kilichoachwa nje ni kikubwa kuliko pambano lolote la kubuni. Katika miaka ya 1780 aliiongoza okestra ya Loge Olympique, mojawapo ya bora Ulaya, ambayo ndiyo iliyoagiza kwa Haydn simfoni sita, zile zinazohesabiwa leo kutoka namba 82 hadi 87. Ukitaka kusikia Saint-Georges alikuwa na wapigaji wa kiwango gani mbele yake, anza na ya 85.